Mafuta Yamezidi, Lakini Nani Aliyeyaagiza?

Plagi ya kwanza ilitoka nyeusi tii, kavu, na masizi yake yakanibaki vidoleni kama niliyeshika sufuria ya kuni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu na ya nne usingeweza kuzitofautisha na zile mbili. Nilizipanga juu ya bonati kwa kufuata silinda zilikotoka, na hapo tayari palikuwa na jibu la nusu. Plagi moja ikiwa nyeusi na nyingine zina rangi ya kahawia hafifu, ubaya uko kwenye silinda ile peke yake. Zote zikiwa nyeusi kwa usawa, ubaya unatoka mahali panapozihudumia silinda zote kwa pamoja.

Ilikuwa pikapu ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, silinda nne, ya injekta (valvu za umeme zinazopulizia petroli), si ya kabureta. Mwenyewe aliileta kwa malalamiko mafupi: "Fundi, gari hii sasa inakunywa kuliko mimi." Ilikuwa ikitoa moshi mweusi ikikanyagwa, inawasha macho ukisimama nyuma yake, na inanguruma kwa kupanda na kushuka ikiachwa bila kukanyagwa. Kabla haijafika kwangu ilikuwa imeshabadilishiwa plagi, chujio la hewa na sensa ya oksijeni, na injekta zimeshaoshwa. Vitu vipya vimejaa chini ya bonati, na moshi uko pale pale.

Gari la namna hii mafundi husema "limezidisha mafuta" au mchanganyiko wake ni mzito. Petroli kilo moja huhitaji hewa ya kilo 14.7 hivi ili iungue yote bila kubakisha petroli wala oksijeni. Hewa ikipungua chini ya hapo, mchanganyiko ni mzito. Ikizidi, ni mwepesi. Uzito wenyewe si ugonjwa kila mara. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, injini hupewa makusudi mchanganyiko wa hewa kilo 12.5 au 13 kwa kilo moja ya petroli, kwa sababu hapo ndipo nguvu ilipo. Asubuhi injini ikiwa ya baridi hupewa mafuta mengi zaidi, maana petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye chuma baridi. Sehemu yake hubaki imenata kwenye kuta za manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda. Shida ni pale gari linapoendelea kula chakula cha asubuhi hadi jioni.

Kabla ya kwenda mbali, hakikisha ni mafuta kweli. Moshi mweusi ni petroli. Wa bluu ni oili. Mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata moto ni maji ya rejeta. Plagi ya petroli ina masizi makavu yanayofutika kwa kidole, ya oili ina weusi unaong'aa na kuteleza. Kisha chomoa kijiti cha oili ukinuse. Kikinuka petroli, na oili imepanda juu ya alama bila mtu kuongeza, basi petroli isiyoungua imekuwa ikitiririka kwenye kuta za silinda, inaosha oili inayolinda pistoni na ringi, na kuishia kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kutolichukulia jambo hili kama suala la gharama ya mafuta tu. Kama gari lina katalisti (kisafisha moshi) kwenye bomba la ekzosi, petroli isiyoungua hulifuata huko na kuchoma masega yake ya ndani kwa joto. Na kwa kuwa mchanganyiko mzito hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, usiliache likinguruma ndani ya gereji iliyofungwa huku umeinama na mita yako.

Nimeona mafundi wazuri wakipotea hapa, nami nimepotea pia. Mtu akisikia mafuta yamezidi, mkono wake unakwenda kwenye vitu vya mafuta: injekta, pampu, chujio. Lakini kompyuta ya gari haipimi petroli hata tone moja. Inachopima ni muda. Inaifungua injekta kwa milisekunde chache, mbili au tatu hivi injini ikiwa moto na haijakanyagwa, kisha inaifunga. Inaamini presha ya mafuta iko sawa, na inaamini hakuna mlango mwingine ambao petroli inaweza kupita. Muda huo nao inaukadiria kwa habari inazoletewa: hewa iliyoingia ni kiasi gani, injini ina joto gani, ekzosi inasemaje.

Kwa hiyo swali la kwanza si "mafuta yanatoka wapi?" bali ni "nani aliyeyaagiza?" Kuna petroli iliyoingia kwa amri ya kompyuta iliyopewa habari za uongo, na kuna petroli iliyojipenyeza bila amri ya mtu yeyote. Mafungu haya mawili hayatibiwi kwa dawa moja.

Petroli inayojipenyeza

Mlango wake mkuu ni regyuleta ya presha. Hiki ni kikopo kidogo cha chuma kwenye mwisho wa reli ya injekta. Ndani kina kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo kuna petroli, upande wa pili kuna mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi kufuata mvuto wa hewa wa injini. Kiwambo kikitoboka, injini inanyonya petroli kupitia mpira ule mwembamba, na kompyuta haina habari. Kipimo chake hakihitaji mashine: chomoa mpira upande wa regyuleta injini ikiwa inanguruma. Unatakiwa kuwa mkavu. Ukiona tone, au ukinusa petroli mbichi ndani yake, umemaliza kazi. Ni sekunde 30, na sijui kwa nini si kitu cha kwanza kila mtu anachokifanya.

Regyuleta inaweza pia kuwa nzima huku presha imepanda, kwa sababu bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi limebonyea au limeziba. Kwa injini nyingi za aina hii presha ni kati ya baa 2.5 na 3 mpira wa mvuto ukiwa umechomolewa, na hushuka kwa nusu baa hivi ukiurudisha. Geji ya presha ikikuonyesha 4, injekta zinamwaga zaidi kwa muda ule ule. Zima injini halafu uiangalie geji kwa dakika tano. Mshale ukianguka haraka, kuna kinachovuja: injekta, regyuleta, au valvu ya pampu. Gari lenye injekta inayodondosha lina tabia yake: ukilizima likiwa moto, ukarudi baada ya dakika 20, linagoma kuwaka mpaka ulipigishe starta kwa muda mrefu, kisha linalipuka na wingu jeusi. Kwenye pikapu za Chevrolet za mwishoni mwa miaka ya 1980, ambazo injekta zake zimekaa juu kabisa mahali palipokuwa pa kabureta, unaweza kuyaona haya kwa macho. Toa kasha la chujio la hewa, mtu awashe swichi bila kupiga starta, utazame kama pua ya injekta inalia.

Pikapu nyingi za zamani za Kijapani zina injekta ya ziada, ya kuwashia asubuhi tu. Kazi yake ni sekunde chache kisha inalala. Ikianza kuvuja, inamwaga kwenye manifoldi na kuzilisha silinda zote, na watu wanaosha zile nne za kawaida bila kuikumbuka hii ya tano. Kuna vilevile kopo la mkaa linalohifadhi mvuke wa tangi. Valvu yake ikikwama wazi, injini inavuta mvuke muda wote, hasa kama mwenye gari ana mazoea ya kujaza tangi hadi shingoni. Bana mpira wake kwa koleo laini na usikilize kama mngurumo unabadilika.

Na oili yenyewe. Ile petroli iliyoshuka kwenye sampo inageuka mvuke injini ikipata moto, na mvuke huo unarudishwa kwenye manifoldi ili uchomwe. Yaani hata ukitibu chanzo, oili chafu inaweza kuendelea kulisha injini petroli.

Petroli iliyoagizwa kwa uongo

Kwenye pikapu yangu mpira wa regyuleta ulikuwa mkavu, presha ilikuwa 2.6, na geji haikuanguka. Hakuna kilichojipenyeza. Basi kuna aliyeagiza.

Kompyuta hujua hewa kwa njia mojawapo kati ya mbili kuu. Baadhi ya magari hupima hewa yenyewe inapoingia. Injini ya 22R-E ya Toyota, kwa mfano, ina kibao cha chuma kinachosukumwa na hewa dhidi ya springi. Springi ikilegea, au fundi wa zamani akiwa ameifungua na kuizungusha meno mawili matatu "ili gari lipate nguvu", kibao kinafunguka kupita kiasi na kompyuta inaamini hewa ni nyingi. Magari mengine, zikiwemo pikapu nyingi za Ford na Chevrolet za miaka ile, hayapimi hewa. Yanapima mvuto ulio ndani ya manifoldi, kisha yanapiga hesabu.

Tofauti hii inageuza maana ya ufa mmoja. Mpira wa manifoldi ukipasuka kwenye gari la kibao, hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kuhesabiwa, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Mpira ule unaokwenda kwenye sensa ya mvuto ukipasuka kwenye gari la aina ya pili, sensa inaona kama hakuna mvuto, kompyuta inadhani umekanyaga mafuta hadi sakafuni ukiwa unapanda mlima, na inamwaga petroli. Ushauri wa "tafuta mpira uliopasuka" ni mzuri, ila ujue kwanza gari lako linahesabu kwa njia gani.

Chujio la hewa, ambalo kila mtu hulibadilisha kwanza, kwa magari haya halina hatia kubwa. Kwenye kabureta, chujio lililoziba huufanya mchanganyiko uwe mzito kweli. Kwenye injini ya injekta, hewa ikipungua kompyuta inaona imepungua, na petroli inapunguzwa. Utapoteza nguvu. Moshi mweusi hautokani na hapo.

Sasa sensa ya oksijeni, mjumbe anayeonewa kuliko wote. Imefungwa kwenye bomba la ekzosi, inanusa oksijeni iliyobaki, na ikishapata joto la nyuzi 300 na kitu inatoa umeme mdogo. Karibu na volti 0.9 inasema "mzito", karibu na 0.1 inasema "mwepesi". Katika injini isiyo na ubaya haitulii. Inapanda na kushuka kila sekunde moja au mbili, kwa sababu kompyuta inapunguza mafuta ikisikia mzito na kuongeza ikisikia mwepesi.

Mita yangu ilionyesha 0.87, imeganda. Fundi aliyetangulia aliona namba hiyo hiyo, akasema sensa imekwama, akaweka mpya. Mpya nayo ikasema 0.87. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi tunamwua, tunanunua mwingine, naye analeta ujumbe ule ule. Sensa ilikuwa inasema kweli tupu: mchanganyiko ni mzito. Kujua kama ni nzima, chomoa mpira mmoja wa manifoldi uingize hewa ya wizi huku ukiangalia mita. Nilipofanya hivyo namba ilishuka hadi 0.15, na nilipourudisha ikapanda. Sensa inayoitikia hivyo haina ugonjwa.

Kama ingeonyesha 0.1 muda wote huku plagi ni nyeusi, ningegeukia upande mwingine kabisa. Sensa hii inanusa oksijeni, hainusi petroli. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ikivuja mbele ya sensa, hewa ya nje inavutwa ndani kati ya mapigo ya moshi, sensa inaona oksijeni na kupiga kelele kwamba mchanganyiko ni mwepesi, na kompyuta, kwa nia njema, inaongeza mafuta kwenye injini ambayo haikuyahitaji. Silinda inayomisi, yaani inayoshindwa kuwasha mafuta yake, inafanya vivyo hivyo, kwa sababu oksijeni yake inatoka bila kuungua. Ndiyo maana waya wa plagi uliochoka unaweza kulifanya gari lile mafuta, na skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikakuandikia "mwepesi" wakati bomba la moshi ni jeusi.

Basi pale palikuwa na jambo la ajabu. Sensa inalia "mzito, mzito", na kompyuta haipunguzi. Kwa nini haisikii?

Inaziba masikio makusudi wakati mmoja: injini ikiwa ya baridi. Hapo haiisikilizi sensa ya oksijeni kabisa, inafuata jedwali lake la asubuhi. Na habari ya joto inaipata kwa sensa ndogo yenye waya mbili iliyochomekwa kwenye njia ya maji. Mwenye pikapu alinionyesha dashibodi: "Mbona mshale wa joto uko katikati?" Ni kweli ulikuwa katikati, ila mshale ule una sensa yake, ya waya mmoja, ambayo kompyuta haiijui. Dashibodi inaweza kusema injini ni moto huku kompyuta imejifunika blanketi.

Sensa ya kompyuta hufanya kazi kinyume na mtu anavyotarajia: joto likipanda, ukinzani wake wa umeme unashuka. Nyingi huwa na omu kati ya 2,000 na 3,500 kwenye nyuzi 20, na karibu 300 kwenye nyuzi 80. Kwa hiyo chochote kinachoongeza ukinzani, hata kutu, kompyuta inakisoma kama baridi. Nilichomoa kiunganishi cha waya, nikapima sensa yenyewe injini ikiwa moto: omu 310. Nzima. Wengi huishia hapo, na huenda hata aliyenitangulia aliishia hapo, kwa sababu kipimo ni sahihi.

Lakini kompyuta haikai kwenye sensa. Nilizima swichi, nikarudisha waya kwenye sensa, nikaenda chini ya dashibodi, nikachomoa kiunganishi kikubwa cha kompyuta na kupima zile waya mbili kutokea huko. Omu 2,300. Sensa ile ile, injini ile ile, dakika tano baadaye. Zaidi ya omu 1,900 zilikuwa zimejificha njiani, na kwa kompyuta hizo zilikuwa na maana moja: nyuzi 20 hivi, alfajiri isiyokucha.

Kuufuata waya hakukuchukua muda. Juu kidogo ya sensa kulikuwa na mpira wa maji uliowahi kuvuja, ukabadilishwa, ukasahaulika. Matone yake yalikuwa yameingia kwenye kiunganishi cha waya. Pini moja ilikuwa imegeuka unga wa kijani, na kijani hicho kilikuwa kimepanda ndani ya ganda la waya.

Usisahau thermostati pia, valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ikikwama wazi, sensa na waya zote zitakuwa nzima na zitasema kweli, injini ni baridi. Washa gari asubuhi na ushike mpira wa juu wa rejeta: ukianza kupata joto mara moja, badala ya kukaa baridi kwa dakika kadhaa kisha kupata moto kwa ghafla, thermostati haifungi.

Kwa gari jipya zaidi kidogo mambo ni mepesi. Mfumo wa OBD-II, wa gari kujichunguza lenyewe, ulikuwa wa lazima Marekani kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea, na skana itakupa msimbo P0172, mchanganyiko mzito. Msimbo wenyewe hauna faida kubwa. Faida iko kwenye asilimia za masahihisho ya mafuta. Hasi maana yake kompyuta inapunguza. Ziangalie bila kukanyaga, kisha ukiwa umeshikilia mizunguko 2,500 kwa dakika. Zikiwa hasi sana chini na zikaelekea sifuri juu, kuna kiasi kile kile cha petroli kinachojipenyeza, ambacho injini ikivuta hewa nyingi hakionekani tena. Rudi kwenye regyuleta na kopo la mkaa. Zikibaki hasi kote, tazama presha na kipimo cha hewa. Pikapu za kabureta hazina haya yote: anza na choki iliyokwama imefunga, kisha floti iliyotoboka na kujaa petroli, kisha sindano yake isiyofunga.

Nilikata waya nyuma ya kutu, nikaweka kiunganishi kipya, nikaichomoa fyuzi ya kompyuta kwa dakika moja ili ifute kumbukumbu zake. Nikamwaga oili, iliyokuwa nyepesi kama maji na inanuka kama kituo cha mafuta. Injini ilipopata moto mita ya oksijeni ikaanza kucheza: 0.2, 0.8, 0.3, 0.7. Mwenye gari alipokuja aliuliza ni sensa gani nimebadilisha. Nikampa kipande cha waya wa kijani, urefu wa kidole gumba, akakigeuza mkononi akitafuta ilipo hiyo sensa.